Uvimbe wa Ufizi Nyuma ya Magego

Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32, na manne yaliyo nyuma kabisa huchelewa kuota. Aghalabu hutokea mtu akiwa na umri wa miaka 17 hadi 25, na wengine hawayapati kamwe. Wakati huo nafasi katika taya huwa haba. Basi gego hutokeza nusu tu, au hulala upande, na nyama ya ufizi hubaki juu yake mfano wa kifuniko cha chungu kisichokaa sawasawa. Makombo ya chakula huingia chini yake, mahali ambapo mswaki haufiki. Vijidudu huzaliana humo, ufizi huvimba na pengine kutoa usaha, kinywa hunuka, na gego la juu huuma pale pale penye uchungu kila mtu atafunapo.

Wako wasemao kwamba ni mdudu alaye jino. Mdudu wa namna hiyo hayuko. Wengine huchanja ufizi kwa wembe, au huweka kidonge cha aspirini juu yake. Wembe huongeza uchafu, na kidonge huunguza nyama. Lifaalo nyumbani ni hili: koroga nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, usukutue mara kadhaa kwa siku na kutema, wala usiache kupiga mswaki, ila polepole.

Lakini chumvi hutuliza tu, haiondoi sababu. Mgonjwa na aende kwa daktari wa meno asafishwe chini ya ufizi. Na maradhi yakirudi-rudi, huenda gego likang'olewa. Dawa ya kuua vijidudu hupewa yule ambaye uvimbe umeenea au ana homa. Si dawa ya kuazimana.

Liko jambo moja la kuogopwa. Mgonjwa akishindwa kufungua kinywa au kumeza mate, au uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, asingoje kupambazuke. Uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi na kumwua. Wazee wa vijiji na walimu, mwonapo dalili hizo kwa kijana wenu, mtafutieni chombo cha kumfikisha hospitali usiku huo huo. Jino hudharauliwa kwa kuwa ni dogo, lakini pumzi ikizibwa hapana mashauri tena.