Ukuta Usiofika Kwenye Mabati

Panda juu ya meza katika singo nyingi za Kitale, sukuma kipande kimoja cha dari, uchungulie. Utaona giza moja limeenea kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Ukuta unaokutenganisha na jirani umekomea penye dari. Hapo juu, chini ya mabati, ploti nzima inavuta hewa moja. Jirani akikohoa usiku, unajua. Akigombana na mumewe, unajua hata chanzo.

Ninasimamia nyumba za kupanga Kitale, upande wa Section Six, na nyingine Bungoma karibu na Kanduyi. Wenyewe wanaishi mbali, kwa hiyo simu za wapangaji huniangukia mimi. Nyingi huwa za kelele au harufu, na karibu zote huanza kwa kumtaja mtu: yule kijana na wufa yake, yule mama na jiko lake. Mimi hukagua jengo kwanza, mtu baadaye. Magomvi mengi ya ploti yalijengwa na fundi kabla mpangaji hajahamia.

Kule Bungoma, mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisemwa na korido nzima. Harufu mbaya, walidai, ni ya nepi zake. "Keyateka, njoo unuse mwenyewe." Nilinusa. Ilikuwa harufu ya choo, lakini ilitoka mlango wa pili, katika nyumba iliyokaa tupu tangu mpangaji wake ahamishwe kikazi. Chini ya kila sinki na kila shimo la bafu kuna bomba lililopinda. Maji yanayobaki pale penye kona ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya maji taka isirudi ndani. Nyumba isipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka, na hewa chafu hupata njia. Tulimimina ndoo ya maji bafuni na jagi moja kwenye sinki. Kufikia jioni harufu ilikuwa imeisha. Ila aibu aliyobebeshwa yule mama ilikaa. Wachache tu ndio waliomwendea kumwomba radhi.

Kuna harufu ambazo sipokei malalamiko yake kabisa. Omena ni chakula. Samaki wa kukaanga ni chakula, na mboga za kienyeji zikichemka na magadi ni chakula. Kitale ni mji wa watu wengi: Wabukusu, Wasabaot, Waturkana, Wapokot, Waluo, Wakisii, Wakikuyu, wote kwenye ngazi moja. Malalamiko kuhusu sufuria ya mtu mara nyingi hubeba kabila ndani yake, na Trans Nzoia iliona moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Siko tayari kumwandikia mtu barua kwa sababu ya chakula cha kwao. Ninachofanya ni kumwomba mwenye nyumba apanue dirisha la jikoni, au atoboe tundu la kutolea hewa juu ya jiko, moshi na mvuke utoke nje badala ya kuingia koridoni.

Kuku ni jambo lingine. Mtu akifuga broila kwenye varanda ya ghorofa, hapo amekosea, maana kinyesi kilicholowa hutoa amonia inayochoma macho ya watoto wa jirani. Akibadilisha maranda mara kwa mara yakakaa makavu, harufu hupungua sana, lakini mahali pa kuku wa biashara si ghorofani. Na jiko la makaa likiletwa ndani wakati wa baridi ya Juni na Julai, usingoje harufu ikuonye. Hewa inayoua, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Hili huwa nakwenda mlango hadi mlango kulisema.

Turudi kwa wufa. Sauti nyembamba hupungua ikigonga ukuta, ila mdundo mzito hupita kwenye zege na kumfikia aliye chini kama tetemeko la kifuani. Mwenye muziki huwa haamini, kwani chumbani kwake anasikia kawaida. Namwita ashuke asikilize akiwa kitandani kwa jirani yake. Wengi hupunguza hapo hapo. Kisha tunainua wufa kutoka sakafuni, tunaiweka juu ya kipande cha godoro, mbali na ukuta wa pamoja. Viti vinavyokwaruza sakafu tunavivisha vipande vya raba ya ndala kuukuu.

Watu wengi huniambia kwamba kelele ni ruhusa hadi saa nne usiku. Sivyo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya nyumba za kuishi, kiwango cha mchana ni desibeli 45, cha usiku 35. Maongezi ya kawaida, ukiwa karibu na msemaji, hufika kama 60. Pima sasa na ule ukuta usiofika kwenye mabati: watu wawili wakizungumza kwa heshima tu baada ya taarifa ya habari wanaweza kuvuka kiwango katika chumba cha jirani. Utawashtakije hao?

Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Kwa uvundo wa maji taka au taka zilizorundikana, mlango wa kubisha ni wa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu kutoa ilani ya kuondoa kero, na kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani humwendea mwenye nyumba. Wapangaji wangejua kifungu hiki, wangeacha kutupiana maneno koridoni na kuandika barua moja, wote watie sahihi, yenye tarehe na saa za kila tukio.

Zipo kelele zenye msimu wake. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma huimba: vijana wa Kibukusu wanaokwenda kutahiriwa huzunguka kualika jamaa, wakipiga chinyimba. Hakuna anayenipigia simu kuhusu hilo, maana kila mtu alijua linakuja. Kwa hiyo mpangaji mwenye sherehe namtaka apite kwa majirani mapema, awaambie siku na saa ya kumaliza.

Na wewe unayetafuta nyumba, usilipe dipositi kabla hujasukuma dari. Fungua mfereji, nusa sinki, uliza maji ya bafuni yanaishia wapi. Kisha urudi saa tatu usiku, watu wakiwa wamerejea kutoka kazini, usimame chumbani dakika kumi ukisikiliza.