Je, Wajua? Parachuti Kubwa, Parachuti Ndogo

Je, wajua kwamba mrukaji anayeanguka kifudifudi kabla ya parachuti kufunguka hufikia karibu kilomita 200 kwa saa, kisha kasi ikagoma kuongezeka? Hapo ukinzani wa hewa umelingana na uzito wake. Parachuti ikitanuka, eneo linalokabili hewa huwa kubwa ghafla, naye hushuka kwa mita 5 au 6 tu kwa sekunde.

Je, wajua kwamba kuongeza eneo la kitambaa mara mbili hakupunguzi kasi kwa nusu? Ukinzani hufuata mraba wa kasi. Aliyekuwa akitua kwa mita 6 kwa sekunde atatua kwa mita 4.2 hivi. Akitaka mita 3, eneo liwe mara nne. Na kwa parachuti ya duara, hiyo ni sawa na kuongeza kipenyo mara mbili.

Hesabu hiyohiyo iliwaokoa wanaanga wa Apollo 15. Tarehe 7 Agosti 1971 walirudi na parachuti tatu, moja ikanywea wakiwa bado angani. Theluthi ya eneo ilipotea, lakini kasi ilipanda kwa chini ya robo tu. Chombo kilipiga maji ya Pasifiki kwa kishindo, na wote watatu wakatoka salama.

Je, wajua kwamba parachuti ya duara huhitaji tundu kileleni? André-Jacques Garnerin aliruka kutoka kwenye puto jijini Paris mwaka 1797 bila tundu hilo. Hewa iliyonaswa ilichuruzika ukingoni, mara huku mara kule, akayumbishwa vibaya mpaka chini.

Ukubwa peke yake hautoshi. Hewa yenyewe ina neno lake. Kwenye Mirihi hewa ni nyepesi mno, chini ya asilimia 2 ya uzito wa hewa yetu. Mwaka 2021 chombo cha Perseverance kilifungua parachuti yenye kipenyo cha mita 21.5, na bado kilikuwa kikishuka kwa takriban kilomita 300 kwa saa. Roketi ndizo zilizomaliza kazi.

Zuhura ni kinyume kabisa. Hewa ya chini kule ni nzito zaidi ya mara 50 kuliko yetu, hivyo mwaka 1982 chombo cha Wasovieti cha Venera 13 kilitupa parachuti yake kikiwa bado kilomita 50 hivi juu. Sahani ya chuma iliyozunguka mwili wake ilitosha kukizuia kisivunjike.

Na hili ndilo linalonishangaza kuliko yote: Januari 2005, chombo cha Huygens kilipokuwa kikishuka Titan, mwezi wa Zohali, kiliachia kwa makusudi parachuti ya mita 8.3 baada ya dakika 15, kikabaki na ya mita 3. Kwa ile kubwa kingeelea muda mrefu mno, na betri zingeisha kikiwa angani. Kwa ile ndogo kilishuka kwa saa mbili na nusu hivi, kikatua kizima, na kikaendelea kutuma taarifa kwa zaidi ya saa nzima.