Kufuli la tovuti halithibitishi dawa ya mtoto

Mzazi anayetafuta dawa ya mtoto kwenye simu usiku, famasi za mtaani zikiwa zimefungwa, hukutana na maduka mengi ya mtandaoni: picha za chupa, bei, namba ya kulipia, na juu kabisa kijialama cha kufuli. Wengi wakikiona kile kikufuli roho inatulia. Wamezoea kuambiwa kuwa tovuti yenye kufuli ni salama.

Swali ni salama kwa lipi. Kufuli, pamoja na herufi https zinazotangulia anwani, maana yake ni kwamba unachoandika kinasafiri kikiwa kimefungwa. Jina lako, namba ya kadi na ugonjwa wa mtoto havisomeki na mtu wa katikati, tuseme aliyejiunga kwenye wi-fi ileile ya mgahawani. Ni kama bahasha iliyobandikwa vizuri: haifunguliwi njiani, lakini inafika kwa uliyemwandikia, awe mfamasia au tapeli.

Google walifanya utafiti mwaka 2021 wakakuta ni asilimia 11 tu ya washiriki walioelewa sawasawa maana ya alama hiyo. Septemba 2023 wakaiondoa kwenye kivinjari cha Chrome cha kompyuta na simu za Android, wakaweka alama nyingine isiyodokeza uaminifu wowote.

Kinacholeta kufuli ni cheti cha kidijitali, na hapo ndipo tofauti ilipo, kwa sababu vyeti havilingani. Kuna ngazi tatu.

Ya chini, inayojulikana kwa herufi DV, inathibitisha jambo moja tu: aliyeomba cheti ndiye anayeimiliki au kuiendesha anwani ile ya tovuti. Hakuna anayeuliza jina la kampuni, leseni wala ofisi iko wapi. Kompyuta inakagua kompyuta na ndani ya dakika chache cheti kimetoka. Let's Encrypt, taasisi isiyo ya faida ya Marekani, imekuwa ikivitoa bure tangu 2015, na imesaidia sana kuufanya mtandao uwe wa siri zaidi. Ila bure ni bure kwa wote, matapeli wakiwemo.

Ngazi ya kati ni OV. Hapa mtoaji wa cheti hutafuta kampuni kwenye daftari la serikali (kwa Tanzania ni BRELA), huhakiki anwani na mara nyingi hupiga simu. Ya juu ni EV, ambapo ukaguzi unaongezeka: kampuni ipo kisheria? Inafanya kazi kweli? Aliyesaini ombi ana mamlaka ya kufanya hivyo? Zamani jina la kampuni yenye EV lilionekana kwa kijani kando ya anwani. Chrome na Firefox waliliondoa mwaka 2019, hivyo siku hizi mzazi hawezi kutofautisha ngazi hizi kwa kutupia macho. Kwenye Chrome ya Android, gusa alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia sehemu ya muunganisho, kisha fungua maelezo ya cheti. Ukikuta jina la kampuni, ni OV au EV. Ukikuta anwani ya tovuti peke yake, ni DV.

Hata EV haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zenye sumu, diethylene glycol na ethylene glycol. Hizo hazikuhusiana na tovuti. Zilitoka kwa mtengenezaji aliye na jina na anwani. Cheti cha kidijitali kinatambulisha mwenye mlango. Dawa ni kazi ya mamlaka nyingine: kwa Tanzania, TMDA husajili dawa na Baraza la Famasi husajili wafamasia na maduka yao, kwa Kenya kazi hiyo ni ya Pharmacy and Poisons Board. Duka la kweli halioni shida kukutajia jina la mfamasia wake na namba ya usajili, na duka linalokasirika ukiuliza limeshakujibu. Walioko Ulaya wana njia nyepesi zaidi. Tangu Julai 2015 maduka halali ya dawa mtandaoni katika Umoja wa Ulaya lazima yaweke nembo ya pamoja yenye mistari ya kijani na msalaba mweupe, na ukiigusa inakupeleka kwenye orodha rasmi ya nchi husika. Ikiwa ni picha tu isiyofunguka, ondoka.

Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi hasubiri bodaboda ya dawa. Apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.

Aina nyingine ya cheti ni ya mtu, si ya tovuti. Daktari aliyejiajiri, mkunga au mtaalamu wa lishe anaweza kuwa na cheti cha kusainia nyaraka. Wengi wanachanganya: picha ya saini na mhuri iliyobandikwa kwenye ripoti si saini ya kidijitali, yeyote mwenye simu anaweza kuikata na kuibandika kwingine. Saini ya kidijitali hutengenezwa kwa ufunguo wa siri alionao mwenye cheti peke yake, na mtu akibadili hata tarakimu moja baada ya kusaini, mililita 5 ikawa 15, programu inayosoma waraka itaonya kuwa umeguswa. Tanzania inaitambua saini ya kielektroniki kupitia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Programu nyingi za simu hazionyeshi onyo hilo, kwa hiyo waraka mzito ufunguliwe kwenye kompyuta.

Kwa wazazi wenye biashara zao, mathalani mama anayeuza nguo za watoto mtandaoni, DV inatosha, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huiweka bila malipo. Atakayekuambia cheti cha bei kubwa kinafunga taarifa kwa nguvu zaidi anakuuzia maneno, maana ufungaji ni uleule. Pesa ya ziada inalipia ukaguzi wa jina, na huo unamfaa zaidi mwenye famasi au kliniki. Muhimu ni kukumbuka kuvihuisha, kwani muda wake unazidi kufupishwa: kuanzia Machi 2029 cheti cha tovuti hakitazidi siku 47. Kikiisha, mteja wako atakutana na onyo zito kabla hajaiona bidhaa yako hata moja.