Mnukuzi Ndani ya Kirusi: Jinsi Homa ya Nguruwe ya Afrika Inavyosoma Jeni Zake

Neno unukuzi si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hukutana nalo katika fonetiki, na tena katika taaluma ya miswada, pale anaposoma jinsi Muhamadi Kijuma wa Lamu alivyonakili tenzi kwa herufi za Kiarabu. Neno tafsiri nalo halimpigi chenga. Wanabiolojia wanayo maneno haya mawili, na kwao yana mpangilio maalumu: jeni iliyoandikwa katika DNA hunukuliwa kwanza kuwa RNA, kisha nakala hiyo ya RNA hutafsiriwa kuwa protini. Pasipo unukuzi, jeni hubaki kama kitabu kilichofungiwa kabatini. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyotekelezwa na kirusi kimoja kikubwa cha DNA ambacho historia yake ya kisayansi ilianzia Kenya, na ambacho mfugaji wa nguruwe wa Machakos ana kila sababu ya kukihofia.

Mnamo 1921, daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Afrika, kutokana na milipuko aliyoichunguza katika mashamba ya walowezi nchini Kenya. Karibu nguruwe wote walioambukizwa walikufa. Ngiri, kwa upande wake, hukibeba kirusi hiki bila kuugua, na papasi waishio katika mashimo yake hukihamisha kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. (Papasi ni kupe laini ajifichaye ardhini, Kiswahili kina neno lake mahususi, ingawa wakazi wengi wa mijini wamekwisha kulisahau.) Katika nyanda za Kapiti, Kaunti ya Machakos, mifugo na wanyamapori huishi kwa ujirani. Hata hivyo, papasi si sharti: ugonjwa husambaa pia moja kwa moja kati ya nguruwe, na kupitia nyama na mabaki ya chakula. Binadamu haambukizwi. Hasara yake ni ya mfuko, nayo huweza kufuta zizi zima katika muda wa siku chache.

Ni vyema kuanza na ukubwa. Virusi vya Ukimwi vina herufi za kijenetiki zipatazo 9,700 na jeni 9 tu. Kirusi cha homa ya nguruwe kina jozi za herufi kati ya 170,000 na 190,000 hivi, na jeni zaidi ya 150. Kirusi kidogo huazima karibu kila kitu kutoka kwa seli kinayoivamia. Hiki kimekuja na mizigo yake, na sehemu muhimu ya mizigo hiyo ni vifaa vya unukuzi.

Katika seli ya nguruwe, DNA huhifadhiwa ndani ya kiini, na mnukuzi wake, kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi, hufanya kazi humo humo. Virusi vya jamii ya herpesi, ambavyo pia ni vikubwa na ni vya DNA, huingia kiinini na kumtumia mnukuzi wa mwenyeji. Kirusi cha homa ya nguruwe hakifuati njia hiyo. Jeni zake hunukuliwa katika saitoplazimu, nje ya kiini, mahali ambapo mnukuzi wa seli hayupo. Yawezekanaje? Jibu lilipatikana Uhispania mnamo 1980, watafiti walipoonyesha kwamba chembe za kirusi zilizosafishwa na kutengwa na seli huweza kutengeneza RNA zenyewe. Mnukuzi alikuwa amefungashwa ndani ya kirusi! Baadaye ilibainika kwamba sumu ya uyoga iitwayo amanitini, inayomzuia mnukuzi wa seli, haizuii unukuzi wa kirusi. Pamoja na mnukuzi huyo husafiri vimeng'enya vya kuiwekea kila nakala kofia mwanzoni na mkia mwishoni, ili seli iipokee kana kwamba ni yake. Mnukuzi naye hujua pa kukomea: akikuta herufi T saba au zaidi mfululizo, huweka kalamu chini.

Hapa unukuzi usichanganywe na urudufishaji. Unukuzi hutoa RNA ya jeni mojamoja. Urudufishaji hutoa DNA nzima kwa ajili ya virusi wapya. Tofauti hiyo ndiyo inayopanga ratiba ya maambukizi. Jeni za awali hunukuliwa mara kirusi kinapoingia, kwa kutumia vifaa kilivyokuja navyo. Jeni za baadaye husubiri hadi urudufishaji wa DNA uanze; ukizuiwa, hazinukuliwi. Miongoni mwa jeni za baadaye ni ile ya p72, protini kuu ya gamba la kirusi. Zimo pia jeni za protini zinazomwelekeza mnukuzi kwenye jeni za awali. Protini hizo hutengenezwa mwishoni, zikafungashwa, na kutumika mwanzoni kabisa mwa maambukizi yajayo.

Kwa mizigo yote hiyo, kirusi hakina mfasiri. Ribosomu ni za seli, nacho hulazimika kuzitumia. Hivyo huwa na protini inayozivua nakala za seli kofia zao ili zioze, na nyingine, A238L, inayozuia seli kuziamsha jeni zake za kinga. Seli inayovamiwa zaidi ni makrofaji, mlinzi mwenyewe.

Maarifa haya yana uzito nje ya maabara. Chanjo hai hutengenezwa kwa kuondoa jeni fulani, na sharti ijulikane kila jeni hunukuliwa lini na kwa kazi gani: ukiondoa isiyofaa, ama kirusi kinabaki hatari, ama hakizaliani kiasi cha kuifunza kinga ya mnyama. Vietnam iliidhinisha chanjo ya aina hiyo mwaka 2022, lakini ilitokana na kirusi cha kundi la II, kilichoingia Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018. Nchini Kenya makundi yaliyozoeleka ni la IX na la X, na kinga dhidi ya kundi moja aghalabu haitoshi dhidi ya jingine. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, jijini Nairobi, wamekuwa wakilishughulikia kundi la IX. Dawa ya kutibu haipo. Mfugaji wa Machakos amebakiwa na ua imara unaomzuia ngiri, mabaki ya chakula yaliyochemshwa vizuri, na kumwita afisa wa mifugo nguruwe wa kwanza anapokufa, kabla jirani hajashawishika kuwauza waliosalia.