Chuo kisichodai karo: stori ya Berea, kutoka kufukuzwa na bunduki hadi ufagio

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na si eti kichwa kilinishinda. Wiki ya mitihani ilifika deni la karo likiwa bado limenikodolea macho, na bila kulilipa hupewi kadi ya mtihani. Nilisimama nje ya ukumbi nikiwaangalia wenzangu wakiingia na kalamu zao mbilimbili, kisha nikarudi hosteli kufunga begi. Hiyo stori iishie hapo. Wengi wenu mnaijua, hata kuniliko.

Nimeitaja tu ndio uelewe kwa nini nilishtuka siku nilipookota kitabu cha bell hooks kwa muuza vitabu wa kando ya barabara hapa tao. (Jina lake aliliandika kwa herufi ndogo, usidhani nimekosea.) Nilikuwa natafuta ushauri wa mapenzi, kusema ukweli. Nikapenda anavyoandika, nikataka kujua alikuwa akifundisha wapi. Kumbe mama huyo, baada ya kupitia vyuo vikubwa vikubwa vya Marekani, alirudi jimbo alikozaliwa la Kentucky mwaka 2004 na kufundisha Berea College, chuo cha Kikristo chenye wanafunzi wapatao 1,500 hivi. Alikaa mji huohuo wa Berea mpaka alipofariki 2021.

Mtu mwenye jina kubwa hivyo anafuata nini kwa kachuo ka mashambani? Nikaanza kuchimba. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kwamba Berea haijamtoza mwanafunzi karo ya masomo tangu 1892.

Nilirudia hiyo sentensi mara tatu.

Sasa sikia hii. Mwanzilishi wa chuo kisichodai karo aliitwa John Gregg Fee. Ndiyo, Fee, neno lilelile lililo juu ya risiti yako. Alizaliwa Kentucky mwaka 1816, na baba yake alikuwa na watumwa. Kijana akaenda kusomea uchungaji Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio ambako utumwa haukuruhusiwa, akarudi nyumbani ameamua kwamba huwezi kumuita Mungu Baba huku umemmiliki ndugu yako. Babake akamkatia urithi.

Kuna kisa kimoja kinachonisumbua. Baba Fee alitaka kumuuza mwanamke mtumwa aliyeitwa Juliet Miles. Mwanawe akamnunua yeye mwenyewe na kumpa uhuru. Lakini watoto wa Juliet walibaki mikononi mwa mzee. Miaka baadaye alijaribu kuwavusha kwenda Ohio, akashikwa na kufungwa, na akafia gerezani. Kosa lake lilikuwa kuwataka watoto wake. Ukisikia watu wakiongea juu ya "historia ya chuo" huwa unafikiria mawe ya msingi na utepe unaokatwa. Hii ndiyo ilikuwa hewa waliyokuwa wakivuta hao watu.

Ardhi ya kuanzia ilitoka kwa tajiri mmoja mwanasiasa, Cassius Marcellus Clay. Kama hilo jina linakukumbusha kitu, uko sawa: ndilo jina alilopewa bondia wa Louisville kabla hajawa Muhammad Ali. Babake bondia alipewa jina la huyu mzee, na mwana akalirithi. Clay alimpa Fee kipande cha ekari 10, na mwaka 1855 shule ya chumba kimoja ikafunguliwa, chumba ambacho Jumapili kiligeuka kanisa. Jina Berea walilichukua kwenye Matendo ya Mitume sura ya 17, mji ambao watu wake walisikiliza neno kwa moyo mweupe na kulichunguza wenyewe. Sura hiyohiyo ndiyo iliyowapa kaulimbiu yao mpaka leo, kwamba Mungu aliwaumba watu wote wa dunia kutoka damu moja.

Baadaye Clay na Fee walikosana. Clay alitaka utumwa uondoke polepole, kwa kufuata sheria. Fee alisema hadharani kwamba sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka haistahili kutiiwa. Clay akajitenga, na bila huyo mtu mzito nyuma yake, Fee akabaki wazi.

Walimjia Desemba 1859. Miezi michache kabla, John Brown alikuwa amevamia ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuanzisha maasi ya watumwa, na Kusini nzima ilikuwa moto. Fee alikuwa amesafiri kuchangisha pesa akasema maneno ya kumsifu Brown kwa moyo wake, ingawa si kwa bunduki zake. Magazeti yakaandika yalivyotaka. Wanaume wapatao 60 wenye silaha wakafika Berea wakiwa juu ya farasi na kuwapa walimu na familia zao siku 10 waondoke jimboni. Wakaondoka. Chuo kilikuwa kimeandikiwa katiba tu mwaka huohuo.

Wakati wa vita Fee alijipenyeza akarudi, akafika kambi ya jeshi ya Camp Nelson ambako wanaume weusi walikuwa wakijiandikisha kwa maelfu. Wengi hawakujua kusoma. Akawafundisha, na baadhi yao wakamfuata Berea na familia zao vita vilipokwisha. Mwaka 1866 shule ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91. Darasa moja, dawati moja, wanaume kwa wanawake, katika jimbo ambalo mwaka mmoja nyuma mtu alikuwa anauzwa kama mbuzi. Wapo wanafunzi weupe waliobeba vitabu vyao na kutoka mweusi wa kwanza alipoingia. Shule haikuwakimbilia.

Hali hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa, halafu mambo yakaharibika, na hapa sitaki kuwapamba. Rais wa chuo aliyeingia 1892, William Goodell Frost, ndiye wa enzi ya elimu bila karo. Lakini ni yeye pia aliyeanza kuelekeza nguvu kwa wazungu maskini wa milima ya Appalachia, na wanafunzi weusi wakaanza kupungua hata kabla serikali haijaingilia. Waliosoma pale zamani walilalamika, na Fee, akiwa mzee tayari, hakufurahia. Chuo chenye kaulimbiu ya damu moja kikaanza kuhesabu damu. Kwangu hili lina uzito kuliko wale watu wa farasi, kwa sababu adui wa nje unamjua.

Mwaka 1904 bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kuharamisha weusi na weupe kusoma pamoja, iliyoitwa Sheria ya Day kwa jina la mbunge aliyeileta. Chuo pekee cha jimbo kilichokuwa kikifanya hivyo kilikuwa Berea, kwa hivyo hakuna aliyeuliza inamlenga nani. Sheria ilisema hata ukitaka tawi la weusi, lijenge angalau maili 25 kutoka pale, yaani kama kilomita 40. Berea ilitozwa faini ya dola 1,000, ikapigana kortini hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1908 ikashindwa. Jaji John Marshall Harlan, naye mzaliwa wa Kentucky, aliandika kupinga uamuzi wa wenzake. Berea ikawalipia wanafunzi wake weusi wakasome kwingine, na ikachangisha pesa za kujenga Lincoln Institute karibu na Louisville, iliyofunguliwa 1912. Mpaka sheria ilegezwe 1950, weusi hawakukanyaga darasa la Berea kama wanafunzi.

Mtu mmoja aliponyoka kabla mlango haujafungwa. Carter G. Woodson, mwana wa waliokuwa watumwa, aliyekuwa amechimba makaa ya mawe kabla ya kumaliza shule, alipata digrii yake Berea mwaka 1903. Mmoja nyuma, mwaka mmoja tu! Mwaka 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, ambayo ndiyo ilikua ikawa ule mwezi mzima wa Februari unaouona wasanii wa Marekani wakiuposti.

Sawa, lakini pesa hutoka wapi? Hilo ndilo swali la mtu aliyesota. Jibu si miujiza. Mwaka 1920 wadhamini waliamua kwamba urithi wowote ambao chuo kitaachiwa bila masharti hautatumika kwa chai na magari, utaingia kwenye hazina ya akiba, na kitakachotumika ni faida yake. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo hazina hiyo imepita dola bilioni moja. Ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama, wafadhili na misaada ya serikali ikijazia. Wanaochukuliwa ni watoto wa familia za kipato kidogo. Kama wazazi wako wana uwezo mkubwa, pole, hapo si pako.

Na lazima ufanye kazi. Kila mwanafunzi, awe wa kemia au wa muziki, anafanya angalau saa 10 kwa wiki na analipwa kidogo kwa mahitaji yake. Kuna wanaofanya kazi maktaba, shambani, kwenye maabara. Kuna hoteli inayoitwa Boone Tavern, iliyofunguliwa 1909, ambayo wanafunzi huhudumia wageni. Wengine hufuma, wengine huunda samani, wengine hutengeneza fagio za mikono ambazo chuo kinaziuza.

Nilipoanza kusoma hayo, akili yangu ya mtaani ilisema: aha, vibarua wa bei rahisi. Bado sijalitupa hilo wazo kabisa. Lakini fikiria. Nilipokuwa chuo nilikuwa nabeba maji kwa mjengo wikendi ili nile, na nilikuwa naficha. Komredi akiniona nilikuwa nasema nimeenda kumsalimia mjomba. Mahali ambapo kila mtu ana kibarua, hata yule wa alama za juu kabisa, ungemficha nani?

Kitu kingine ni masomo yenyewe. Huko hauingii siku ya kwanza ukafungiwa kwa kozi moja. Unapitia historia, sayansi, sanaa na dini kwanza, kisha unachagua. Sisi wengine tuliitwa kwa kozi ambazo hata hatukuziomba. Na Ukristo wa Berea hauna dhehebu. Tangu Fee, walikataa kumilikiwa na kanisa lolote, na mwanafunzi wa imani nyingine, au asiye na imani, anasoma pale.

Wageni kutoka nchi nyingine hupokewa pia, ingawa nafasi ni chache sana na ushindani ni wa dunia nzima, kwa hivyo usiuze ng'ombe wa nyanya.

Sistangu mdogo amemaliza Fomu Foo. Juzi jioni nilikuwa namsimulia haya yote jikoni, mathe akikata sukuma na kujifanya hasikii. Nikafika kwa fagio. Akaacha kisu.

"Kwa hivyo huko hata wenye akili wanashika ufagio?"

"Ndiyo, mathe. Na wanautengeneza wenyewe."

Akamgeukia sistangu. "Umesikia? Na hapa sebule haijafagiwa tangu asubuhi."