Boxer hadi 250: Ngazi inayorukwa Chumbageni

TANGA ni mji wa magurudumu mawili. Ardhi yake ni tambarare, barabara za Ngamiani zinahesabiwa kwa namba, na mtoto wa hapa anajua kupanda baiskeli kabla hajaijua njia ya kwenda Mkwakwani kuangalia Coastal Union. Akikua kidogo anaazima pikipiki ya mjomba. Akikua tena anatafuta ya kwake, na akishaipata, haimalizi miaka miwili kabla hajaanza kuiona ndogo.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinifuata nyumbani Chumbageni baada ya magharibi. Nilimsikia kwa mlio kabla sijamwona. Boxer yake cc 125 ilikuwa imeoshwa hadi kwenye cheni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Imeoshwa hivyo inakwenda harusini?"

Akacheka, halafu akakaa kimya. Mtu akikaa kimya hivyo ujue amekuja na jambo. Anataka kuiuza. Pikipiki hiyo ameiendesha kwa mkataba, akipeleka hesabu kwa bosi kila wiki bila kukosa, mpaka mwaka huu kadi ikabadilishwa jina na kuwa yake. Sasa kuna jamaa Raskazone anauza Honda ya cc 250, zile ndefu zenye tairi za kashata. Bwana mdogo keshaijaribu mara moja. Anasema ukiingiza gia ya tatu ukafungulia mafuta, roho inabaki nyuma.

Alitaka vitu viwili kwangu. Kwanza nimwongezee pesa iliyopungua. Pili nikamwambie mama mdogo kwamba haina shida.

La pesa tungeweza kuzungumza. Kwa hilo la pili nilifungua vifungo viwili vya shati nikamwonyesha mtulinga wangu, ule mfupa unaotoka begani kuja shingoni. Wa kushoto una nundu. Nundu hiyo niliipata kwenye 250.

SPIDI HAIKUFIKA 30

Watu wakisikia umeanguka na pikipiki kubwa wanafikiri ulikuwa unakimbia. Mimi sikuwa nakimbia. Nilikuwa na siku ya tisa tangu ninunue, baada ya miaka minne ya 125, nakata kona kutoka lami kuingia mtaa wa mchanga, hapa hapa Chumbageni, si mbali na nyumbani. Mbuzi akatoka nyuma ya genge. Nikafanya kile mkono wangu ulichozoea kwa miaka minne: nikakamata breki ya mbele kwa vidole vyote vinne.

Kwenye 125 yangu breki ya mbele ilikuwa ya waya, tena waya wenyewe umechoka. Unaikamata kwa nguvu zote, nayo inasimama taratibu kama mtu anayeamshwa usingizini. Kwenye 250 breki ni ya diski, inasukumwa na mafuta, vidole viwili vinatosha. Mimi nikaipa vinne, tena usukani umekatwa, tena juu ya mchanga. Gurudumu la mbele liliteleza kabla sijapata neno la kusema. Mbuzi alipita salama. Mimi nikapelekwa Bombo, nikakaa wiki sita mkono ukining'inia shingoni, nakula kwa mkono mmoja kama mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenikosea. Pikipiki ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekuja na mkono wa pikipiki nyingine.

Kijiweni mtu akitaka kujua chombo chako anauliza kinafika ngapi. Hakuna anayeuliza kinasimamaje. Lakini hesabu ya kusimama ndiyo kali. Spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Aliyezoea kusimama kutoka 40 akijikuta kwenye 80 anahitaji barabara mara nne ya ile aliyoizoea, na hapo hujahesabu sekunde aliyoipoteza kushangaa.

Halafu kuna uzito. Boxer 150 ina kilo kama 120, na nguvu zake ni kama za farasi 12. Honda ya cc 250 ya kashata inafika kilo 140 na ushei, na farasi wake wanapita 20. Ukisikia kilo 20 na kitu unaona si nyingi, ni kama ndoo ya maji. Tatizo ni kwamba ndoo hiyo iko juu, kwa sababu kiti chenyewe kiko juu. Mimi si mrefu. Nikisimama naigusa ardhi kwa ncha za vidole vya miguu, na mahali penye mteremko naigusa kwa mguu mmoja. Mara mbili nimeiangusha ikiwa imesimama, watu wanatazama. Hilo nalo halisemwi kijiweni.

WANA HAKI YA KUTAKA KUBWA

Nisije nikaonekana nawabania vijana. Sababu za kupanda ngazi zipo, na nyingine ni za usalama.

Chukua barabara ya Tanga kwenda Segera. Malori ya saruji kutoka Pongwe, malori ya mkonge, mabasi yanayowahi Dar. Ukiwa na 125 nyuma ya lori lenye tela, kulipita ni safari. Unafungua mafuta yote, sindano inatetemeka, unaenda ubavuni mwake polepole huku ukiliona basi mbele linazidi kuwa kubwa. Katika dakika hiyo hakuna dua usiyoikumbuka. Kwa 250 unapita lori lile lile na kurudi upande wako kabla dereva hajakuona vizuri. Nguvu hapo ni msaada wa kweli.

Au ile ngazi ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita thelathini na kitu za kona tupu, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukiwa na 125 na mtu nyuma, unapanda kwa gia ya pili, injini inalia. Kubwa inapanda inaongea. Lakini kushuka ni habari nyingine, na waliokwenda wanajua: kila kilo uliyoifurahia wakati wa kupanda inakusukuma mgongoni wakati wa kuteremka.

Wazee wetu wa mabwana shamba walipewa Yamaha DT na Honda XL za kashata miaka ile, na hawakupewa kwa ajili ya mbwembwe. Vijiji vya Muheza na Lushoto wakati wa masika havifikiki kwa kitu kingine. Mtu aliyepita njia zile miaka kumi alijua kazi ya kila kidole.

Ninachokipinga ni sababu ya tatu, na nyie mnaijua: mlio. Kuna mtu ananunua 250, anatoa eksozi yake, anafunga ya kelele, anazunguka Raskazone Jumapili jioni ile ile spidi aliyokuwa akizunguka na Boxer. Huyo amenunua redio.

NDUGU WAWILI WA AFRIKA KUSINI

Kwenye michezo jambo hili lina ngazi zake, na hazirukwi ovyo. Mtoto wa motokrosi anaanzia cc 50 isiyo na gia, anapanda 65, halafu 85, ndipo aguse 125. Ndivyo wanavyolelewa wanaoonekana wakiruka vilima Garuga, Uganda, au Jamhuri pale Nairobi.

Juu zaidi kuna mfano ninaoupenda kwa sababu ni wa nyumba moja. Brad Binder na mdogo wake Darryn ni wa Afrika Kusini, na wote wamefika MotoGP, daraja la juu kabisa la pikipiki za lami duniani, ambako injini ni cc 1,000. Brad alipita kila ngazi. Alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3, daraja la cc 250, mwaka 2016. Akakaa misimu mitatu Moto2. Mwaka 2020 akaingia MotoGP na KTM, na katika mbio zake za tatu, kule Brno, akashinda. Hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kushinda daraja hilo kabla yake, na KTM nao hawakuwa wamewahi. Mwaka 2023 huyo huyo alipimwa Mugello akiwa na kilomita 366.1 kwa saa.

Darryn aliruka. Mwaka 2022 alitoka Moto3 akaingia moja kwa moja MotoGP na Yamaha. Mbio zake za pili, chini ya mvua ya Mandalika, Indonesia, alishika nafasi ya 10 na watu wakampigia makofi. Hakupanda zaidi ya hapo. Msimu uliofuata alikuwa Moto2, kwenye ngazi aliyoiruka.

Atatokea mtu aniambie habari za Jack Miller. Ni kweli, Mwaustralia yule aliruka vile vile mwaka 2015, na 2016 akashinda Assen. Nakubali. Lakini Miller alikuwa na timu ya mafundi, vipimo vya kompyuta, suti ya ngozi kutoka shingoni hadi miguuni, na uwanja ambao mbuzi hakatizi.

SHERIA INA NGAZI MOJA TU

Hapa kwetu leseni ya pikipiki inagawanywa na namba moja. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, chini ya cc 125. Zinazozidi hapo ni daraja A. Basi. Aliyetoka 125 akanunua 150, pikipiki ya umbo lile lile, ameshavuka mstari, na wengi hawajui. Wanabaki na leseni ya zamani mfukoni, wanabeba abiria, na siku ya ajali kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa.

Upande wa pili, ukishakuwa na A, sheria haijali tena. Boxer 150 yenye farasi 12 na Yamaha R6 yenye farasi zaidi ya 100 ni leseni moja. Ulaya wameweka ngazi katikati: leseni ya A2 inakufungia kwenye kilowati 35, sawa na farasi kama 47, na unakaa hapo miaka miwili kabla hujaruhusiwa kupanda lolote. Kwetu ngazi hiyo ya katikati mtu anajiwekea mwenyewe, au anawekewa na mbuzi kama mimi.

Kwa bwana mdogo kuna hesabu nyingine ambayo Binder hakuwa nayo. Boxer ndiyo inayomlisha, yeye na mama mdogo. Kiti chake kirefu, abiria anakaa, hata mama mwenye mtoto na kapu la samaki anakaa. Kiti cha 250 ya kashata ni chembamba na kiko juu; mwambie mama wa Kitanga mwenye baibui apande pale uone atakachokujibu. Spea za Boxer zipo kila duka. Kwa 250 ya Kijapani unapiga simu Dar, unasubiri basi. Na mafuta: lita moja iliyokuwa ikinifikisha Muheza kwa 125, leo inaniacha baada ya Pongwe natafuta kidumu.

Nilimwambia yote hayo. Akasikiliza kwa adabu, macho chini, kama vijana wanavyofanya wakiwa wameshaamua.

"Kaka, wewe mbona hukuiuza ya kwako?"

Hapo alinikamata. Sikuiuza. Mtulinga ulipopona nilipanda tena, na mwezi uliofuata nilikwenda nayo Lushoto peke yangu. Siku ile siwezi kuibadilisha na Boxer yoyote. Ningemdanganya kama ningesema vinginevyo, na mtoto wa mama mdogo hadanganywi, atakwenda kuuliza.

Basi tukapatana hivi. Boxer haiuzwi kwanza. Jamaa wa Raskazone amepewa neno kwamba tunakuja mwisho wa mwezi, akipata mteja mwingine ni riziki yake. Kila Jumamosi alfajiri, kabla kijiwe hakijachangamka, tunakwenda uwanja wa wazi na 250 yangu. Atasimama kutoka 40 mara kumi, kwa vidole viwili, gurudumu lisiteleze. Atazunguka duara dogo kulia na kushoto bila kuweka mguu chini. Atafanya juu ya lami, halafu juu ya mchanga. Atailaza chini na kuinyanyua mwenyewe, ili aijue ndoo ile ya maji iko wapi. Na leseni yake ya A1 aanze kuishughulikia sasa hivi, asingoje.

Jumamosi ya kwanza imeshapita. Kati ya mara kumi aliteleza nne. Mara ya tano alishuka akaitazama breki ile kama mtu aliyetapeliwa, akaniuliza kama ndiyo kawaida yake au imeharibika.

Mama mdogo bado hajaambiwa lolote. Jana usiku bwana mdogo kapiga simu kuuliza kama wiki hii aje na helmeti yake ile isiyo na kioo au ataazima yangu. Nimemwambia aje na viatu vya kufunga kamba. Wiki iliyopita alikuja na ndala.