Arisaka: Kwa Nini Bunduki Mbili Zinazofanana Haziuzwi Bei Moja

Mtu wa Goma anayehamia Marekani hukutana na jambo linalomshangaza: bunduki za vita zimepangwa mezani kama vitu vya kale, na watu wazima wanabishania alama ndogo iliyogongwa kwenye chuma. Kati ya zinazobishaniwa sana ni Arisaka za jeshi la Japani. Mgeni ataona bunduki mbili zilizo sawa, lakini moja huuzwa bei mara mbili au zaidi ya mwenzake. Ninavyoona mimi, tofauti hiyo ina sababu nzuri, na sababu yenyewe ni ushahidi. Umri wa silaha peke yake hauipi thamani. Kinachoipa thamani ni kwamba safari yake, tangu kiwandani hadi mwisho wa kazi yake ya vita, inaweza kuthibitishwa.

Ushahidi wa kwanza uko juu ya chemba ya risasi. Hapo viwanda vya Japani viligonga ua la krisanthemumu lenye petali 16, ishara kwamba bunduki ni mali ya Mfalme. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, bunduki nyingi zilifutwa ua hilo kabla ya kukabidhiwa. Ndiyo maana ua zima hupandisha bei: mara nyingi huonyesha kwamba bunduki ilitekwa vitani, haikukabidhiwa baadaye. Ubavuni kuna namba ya bunduki, alama ya mfululizo wake na alama ya kiwanda, na mkusanyaji huangalia kama namba ya bolti inalingana nayo. Modeli ya 38, ya mwaka 1905, hutumia risasi ya milimita 6.5, na Modeli ya 99, ya mwaka 1939, hutumia ya milimita 7.7. Modeli ya 99 za mwanzo zilikuwa na kifuniko cha vumbi, mguu wa waya wa kuegemeza mtutu, na mikono midogo kwenye kilengeo ya kulenga ndege. Za mwisho wa vita zina kilengeo kisichorekebishwa na kitako kilichomalizwa kwa kibao, kwa kuwa Japani ilikuwa imeishiwa na malighafi. Baadhi zilitengenezwa Hiroshima na Toyo Kogyo, kampuni ambayo leo tunaijua kwa magari ya Mazda. Anayepiga mbao msasa au kupaka chuma rangi mpya, akidhani anaipendezesha, anafuta ushahidi, na bei hushuka papo hapo. Tena kuna za mafunzo, zilizoundwa kwa risasi za bandia tu. Kuzifyatua kwa risasi halisi ni kuhatarisha maisha.

Wapo watakaosema kwamba hadithi ya bunduki ina uzito kuliko namba zake. Nakubali kwamba historia huongeza thamani, mradi iwe na kitu cha kuishikilia. Askari wengi wa Marekani waliorudi na silaha za kuteka walipewa hati iliyosainiwa na ofisa wao, na bunduki iliyo na hati hiyo huthaminiwa zaidi. Upande wetu nao una historia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilishuka Bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya masika ikipigana na Wajapani, na Desemba 2 ikaingia Kalewa. Kituo cha 10 cha majeruhi kutoka Kongo ya Kibelgiji kilikuwa pamoja nao, kwa hiyo Wakongo nao waliwatibu watu waliopigwa na bunduki hizihizi. Basi muuzaji akisema Arisaka yake ilitekwa Kabaw, mfululizo wa namba utamjibu: bunduki iliyotoka kiwandani mwaka 1945 haikuweza kuwa kule.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili: yawezekanaje mtu wa Goma, mji ulioumizwa na bunduki kiasi hiki, azungumzie bei zake? Nadhani hapo ndipo kipimo cha ushahidi kinatusaidia zaidi. Arisaka imekuwa kitu cha kale kwa sababu vita vyake vilikwisha, dola iliyoimiliki ikasalimu amri, na njia iliyopitia ikaonekana. Mwaka 2003 Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha dhidi ya makundi yote yenye silaha ya Kivu na Ituri, lakini bunduki ziliendelea kuingia kwa njia za kificho. Silaha ya namna hiyo haina hati wala mwenye kuikiri, na bado inaua. Kuiita kumbukumbu ni kuwakosea waliozikwa. Za kuhifadhiwa kwetu ni zile za Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, lililokabiliana na Wajerumani wa Kisenyi, hatua chache kutoka Goma, kuanzia mwaka 1914, kisha likaingia Tabora Septemba 19, 1916. Hizo zikipatikana, mahali pake ni makumbusho ya umma, zikiwa na namba na maelezo kamili, ili mtoto wa Goma asome historia ya babu zake bila kuchukuliwa na hadithi ya muuzaji yeyote.